Kuhani Hana Tangi

Jumamosi, nyuma ya duka la madaftari, Kiborloni.
Meza yetu ni mlango mkuukuu juu ya kreti mbili za soda.
Kete hatuna. Tuna buni ishirini kikombeni,
Ndeonasia kaziandika namba kwa wino wa mihuri;
unachota moja, unaisoma, unairudisha.
Ya kumi na tatu imetobolewa na mdudu.
Ikitoka, hasara ni ya wote.

Elinisafi ni mchawi. Ana kitabu.
Alichosoma ni chake: moto, barafu,
neno linalosemwa kinyumenyume na mlango ukafunguka.
Mchawi ana tangi juu ya paa,
akifungua bomba yanatoka aliyoyajaza mwenyewe.
Mimi ni kuhani. Tangi sina.
Nina zamu.

Ni kama mfongo wa kwetu Uru:
maji si yako, yanapita tu kwako.
Unaamka kabla ya jogoo, jembe begani,
unabandua udongo na magome ya mgomba mdomoni mwa mfereji,
na kinachokuja ndicho ulichopewa.
Wa juu akinuna, unarudi na vumbi.

Ndeonasia, fundi cherehani, ndiye mwamuzi wetu,
naye hapokei dua ya mkato.
"Kumekucha kambini," anasema. "Omba."
Si kuandika karatasini kwamba nimeomba.
Kuomba, kwa mdomo,
Jitesh akitafuna karanga na kunitazama.
Nami, tangu tumzike mzee, sijamaliza hata Baba Yetu;
naishia neno la kwanza, lanitosha kunikaba.
Basi nainua mikono kwa Mama wa Mfereji,
mungu tuliyemtunga wenyewe mwezi wa tatu, mvua ilipogoma,
nachagua: uponyaji mara mbili, mwanga mmoja,
neno moja la kufukuza mizuka.
Nne. Mpaka kesho kuche.

Mwanga niliuchezea, nione michoro pangoni.
Uponyaji wa kwanza nilijipaka kidole cha mguu.
Wa pili ulikwenda kwa punda; Jitesh alinibembeleza.
Neno la mizuka lilikwenda kwa mizuka, hilo sijutii.
Kisha zimwi likamchoma shujaa wa Jitesh mbavuni
na wote wakanigeukia.

"Mponye!"
Zimekwisha.
Elinisafi akapekua kitabu chake:
njia arobaini za kumchoma mtu,
hakuna hata moja ya kumfunga jeraha.

"Naomba nje ya zamu," nikasema.
Ndeonasia hakunipa kikombe. Akaniuliza,
kwa sauti ile anayowawekea wateja wa mkesha wa Krismasi:
"Na bila shida, umewahi kuniita lini?"

Bati likaanza kupokea mvua.
Nikatoka hadi uani, kwenye uzio wa masale,
nikavunja jani moja, nikarudi nimelowa.
Kwetu, mwenye isale mkononi husikilizwa kwanza,
hata kama ng'ombe uliyemuua ni wa jirani.
Nikaliweka juu ya ramani, likalowesha mto na nusu ya msitu.
Nikaanza na neno lile la kwanza.
Nikavuka.
Nilikofika baada ya hapo sitaandika,
ila karanga zilinyamaza.

Kikombe kikasogezwa.
Nikachota.
Ina tundu.

"Maji yamefika," akasema Ndeonasia polepole, "yana matope."
Kitabu cha Elinisafi kikalowa kurasa saba.
Punda akakata kamba, hatukumwona tena.
Na mimi: "Umekunywa zamu ya kesho. Alfajiri usije."
Lakini mtu wa Jitesh alipumua,
akakohoa, akauliza kama chakula kipo.

Jumapili niliamka kabla ya jogoo, mazoea tu.
Kibo ilikuwa imevua mawingu, nyeupe, haina habari na mtu.
Cha kuomba sikuwa nacho, wala ruhusa.
Nikatoa jembe la mzee nyuma ya mlango
nikazibua mtaro wa mbele ya nyumba,
magunzi, mifuko, kandambili moja ya mtoto,
mpaka nikausikia ukivuta pumzi.