Sifuri Inayokaa

Saa kumi na moja alfajiri, Kabete bado giza,
mlinzi anakohoa getini, birika halijaanza kulia,
nami nafungua kompyuta kusoma udongo wa watu.
Kaskazini ya mbali, kwenye kinamasi nilichokiacha miaka mitatu iliyopita,
vihisi vyangu vingali vimezikwa:
kimoja kina cha kiganja, kimoja kina cha goti,
kimoja kina cha mtu aliyesimama ndani ya kaburi.

Nilivizika mwenyewe. Keekee iligonga chini
ikarudi na unga mweupe, kama nimetoboa sahani.
"Hapo," alisema Ravna, "ardhi haijaamka
tangu kabla ya bibi wa bibi yangu."
Nikavua glavu nikaugusa.
Ndani yake, unyasi mmoja,
kijani kabisa,
kana kwamba aliyeukanyaga alipita jana.

Sasa kihisi cha chini kinaniletea tarakimu.
Machi: hasi mbili.
Mei: hasi sifuri nukta tatu.
Juni yote: sifuri. Sifuri. Sifuri.
Kiragu, mwanafunzi wangu, anauliza kama betri imekufa.
Namwambia hapana, hapo ndipo penye kazi:
joto linaingia lakini halionekani,
barafu inalinywa lote, punje kwa punje,
na kipimajoto hakisemi kitu
mpaka punje ya mwisho iwe maji.
Ndipo namba itapanda,
nasi tutasema imepanda ghafla.

Mama hunipigia kila Jumatano kutoka Ruai.
Hujambo, Mama? Mzima.
Na nyumba? Nzima.
Mzima, nzima, wiki nenda wiki rudi,
nami sikuisoma sifuri hiyo,
mimi niliyelipiwa karo nisome.

Jumamosi nikaenda.
Udongo wa Ruai ni mweusi, na tabia yake ya mlevi:
mvua ikinyesha unavimba, unainua kitanda na kabati,
kiangazi unajikunja, unaachama midomo
ya kumeza kandambili ya mtoto.
Fundi Musembi alichimba futi mbili akasema yatosha;
pesa nazo zilikuwa zimeshasema hivyo kabla yake.
Wahenga walituambia tuzibe ufa.
Hawakutuambia lolote juu ya ukuta
unaofumba na kufumbua.

Sebuleni, kalenda ya chama cha akiba, ya mwaka juzi.
Nikataka kuuliza mbona haijabanduliwa.
Nikaiinua.
Ufa umeshuka toka lenta hadi kwenye soketi,
kidole changu kikaingia mpaka penye pete.
Na pembeni yake, kwa penseli, mwandiko wa Mama,
mistari midogo midogo, kila mmoja na tarehe:

Aprili 9, shilingi inapita kwa ubavu.
Agosti 2, shilingi mbili.
Novemba, umefunga. Mvua.
Februari, mpini wa kijiko.

Miaka miwili na nusu ya hayo,
hakuruka hata mwezi tuliomzika Baba.

"Mbona hukuniambia?"
Akapuliza chai yake.
"Ungekuja na vyuma vyako.
Haya niambie, kule kwenye barafu,
nyumba zao zimesimama juu ya nini?"
Juu ya nguzo, Mama.
"Na nguzo?"

Nikatoa tepu. Milimita kumi na nne.
Alinitazama nikipapasa mifuko, nikitafuta pa kuandika,
kisha akanipa penseli, imechongwa kwa kisu cha jikoni,
fupi kuliko kidole gumba.
"Andika hapo, chini ya kijiko.
Na tarehe uiandike vizuri."