Kopo la Zamu

Kitabu nilipewa na mteja aliyekosa hela ya kulipia saa.
Hakina jalada, kinaanzia ukurasa wa thelathini na moja,
na humo wavumbuzi wamepangwa kama wanafunzi wa paredi:
aliyefungia timazi ndani ya sanduku,
aliyekunja chuma chembamba kikawa kamani,
aliyevusha saa bahari mbili isipotee hata dakika.
Kila mmoja ana mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa,
na ndevu.

Nakisoma kibandani kwangu, karibu na mnara wa saa, Moshi mjini,
asubuhi ambazo hawaji watu. Siku hizi
wakati unakaa kwenye simu, hauhitaji fundi.
Juzi nilipofika arobaini na nne nikacheka peke yangu
hata muuza karanga akauliza kulikoni.

Uajemi, kinasema. Zamani sana.
Bakuli la shaba lenye tundu chini, linaelea kwenye beseni;
maji yanaingia kidogo kidogo; likizama, zamu yako imekwisha,
mfereji unageuziwa shamba la jirani.
Mvumbuzi: hajulikani.

Mimi namjua.
Anaitwa Aisenael, mjane wa Kirenga, bibi yangu,
anakaa Kidia, juu ya kanisa, chini ya banio la pili,
na kopo lake halikuwa la shaba, lilikuwa la samli,
lenye picha ya ng'ombe aliyefutika kichwa.

Kiangazi cha sabini na nne mfongo ulikonda ukawa kama kamba.
Watu walipimiana zamu kwa kivuli cha mgomba,
na kivuli, siku ya mawingu, ni mali ya mwenye sauti.
Ndekirwa alikuwa na sauti.
Usiku mmoja jembe lilipanda, likashukia bega la Ombeni,
na maji yakaendelea kupita kana kwamba hayakuona.

Bibi akachukua msumari wa nchi tatu.
Kopo la kwanza lilizama kabla maji hayajafika mgomba wa kwanza.
La pili lilielea hadi watu wakaenda kula.
La tatu alilitoboa, akaziba kwa nta ya nyuki,
akaitoboa nta kwa sindano, akasubiri,
akapanua, akasubiri,
siku nne,
kahawa ikimkaukia na mashemeji wakisema ujane umempanda kichwani.

Kopo likakubali. Ndipo wizi nao ukavumbuliwa:
Ndekirwa alibandika utomvu kwenye tundu, zamu yake ikanenepa;
mwingine akatia changarawe ili ya mwenzake ife mapema.
Bibi hakugusa kopo. Aligusa walinzi:
kila zamu akaikalisha watu wawili wasiosemeshana.
Mtambo wenyewe, mkiniuliza mimi, ni huo,
na kitabuni haumo.

Jumapili nilipanda nacho, nikamsomea kwa sauti, maana masikio yamechoka.
"Bibi, walikutangulia. Miaka elfu na zaidi."
Akanyamaza, akiokota mawe kwenye maharage.
"Kumbe na wao waligombana," akasema.
Kisha: "Tundu walitoboa kwa nini?"
Nikapekua. Hakisemi.
"Basi aliyeandika hajawahi kulishika."

Akanipa kopo, akidai linamjazia nafasi darini.
Sasa liko mezani kwangu, kati ya bisibisi na saa zilizokufa.
Jana jioni, kabla ya kufunga, nilijaza beseni nikaliweka,
nikashika saa ya mteja mkononi.
Bibi anasema zamu ilikuwa nusu saa kamili.
Lilizama kwa dakika kumi na tisa na kidogo.
Nta imekwisha, kutu imepanua tundu.

Nilimpigia simu kumweleza.
"Liache hivyo hivyo," akasema,
"maji yenyewe siku hizi hayafiki hata hizo."
Ila hiyo "na kidogo" imenikosesha usingizi.
Leo nimenunua nta.