Laabu ya Uyoga

Ruwi, ghorofa ya tatu, kiyoyozi kinakohoa.
Somsri hali nyama tangu amuage mamake kwa simu,
lakini laabu ya kwao humwita usiku.
Basi leo nimekaanga mchele mkavu, bila tone la mafuta,
nikautwanga kwenye kinu cha iliki;
ukanukia pilau, akacheka.

Uyoga tuliukatakata mpaka ukajifanya kima.
Mnanaa, vitunguu, pilipili ya kumliza mtu.
Mchuzi wa samaki ndio haumo.
Nikaroweka ndimu kavu ya Kiomani,
nyeusi, ngumu kama kinyongo,
nikamiminia maji yake, na chumvi.

Akaonja. Kijiko kikasimama.
“Siyo yenyewe,” akasema,
akajipakulia tena.