Mstari wa Saba

Mkurugenzi alitaka ufutwe mstari wa saba tu.
Mingine, alisema, ina ubaya wa kuvumilika:
mwaka wa kuanzishwa umekosewa kwa miaka miwili,
jina la babu yake limepungua herufi,
na kiwanda kizima kimehamishiwa Muheza
bila hata lori moja kuwashwa.
Lakini wa saba! Wa saba unamvua nguo sokoni:
"Mwaka 1986 mashine ya korona iliwakata mikono
wafanyakazi watatu."

Akaitwa Bi Hidaya Semkiwa wa Chumbageni,
mshauri wa mambo ya kamusi elezo za mtandaoni.
Alikuja na mkoba wa ukindu na kalamu mbili,
akakataa soda, akaomba maji.
Nilikuwepo. Mimi ni karani wa masijala,
huwekwa pembeni kama stapla
mpaka karatasi zitawanyike.

"Kwanza nitajitangaza," alisema.
"Nitaandika mahali pa wazi: nalipwa,
na anayenilipa ni kampuni ya kamba, Tanga.
Kisha makala yenyewe sitaigusa. Nitaomba.
Wapo watu wa kujitolea, sura zao sizijui.
Wao watakubali, au watakataa."

Mkurugenzi akacheka kicheko kifupi cha mwenye hundi.
"Yaani nikulipe ukaombe?"
"Unanilipa niombe vizuri."

"Na mstari wa saba?"
"Ni kweli, au si kweli?"

Akatazama dirishani, uani, kwenye singa za mkonge
zilizoanikwa juu ya waya, nyeupe
kama mvi za mtu asiyependa kuulizwa umri.
"Ni kweli. Lakini ni ya zamani."
"Hata babu yako ni wa zamani,
na tunahangaika na herufi yake."

Nikatumwa stoo nitafute ushahidi wa tarehe.
Siku mbili, kitambaa puani.
Cheti cha usajili nikakipata.
Chini yake, daftari la majeruhi,
jalada la kijani, pembe zimeliwa na mchwa.
Mntambo, namba 212.
Kiluwa, namba 87.
Sekiete, namba 340.
Na chini kabisa, kwa penseli, mwandiko wa haraka:
Ngoda. Kibarua. Hana namba.

"Wanne," nikasema mezani.

Bi Hidaya akavua miwani. Nilidhani atafurahi.
"Daftari lenu halitoshi," akasema.
"Kule hawapokei neno la mwenye nyumba
juu ya nyumba yake, hata likimuumbua.
Gazeti la siku zile lilichapa watatu.
Labda mwandishi alihesabu wenye namba."

Safari hii mkurugenzi hakucheka.
"Kwa hiyo hata nikitaka kusema kweli, siwezi?"
"Unaweza. Fungua masijala.
Mwite mwandishi, mtafiti, yeyote usiyemlipa.
Akishachapisha, nitaomba."
"Na hiyo ni shilingi ngapi?"
"Hiyo haimo kwenye ada yangu."

Mwezi ukapita. Tarehe imenyooka.
Babu kapata herufi yake.
Kiwanda kimerudi kutoka Muheza.
Mstari wa saba uko palepale, na idadi yake ileile,
watatu,
na chini yake alama ndogo ya rejeo, safi, halali,
inayoelekeza kwenye gazeti lililokosea.

Mkurugenzi hajamwita mtu.
Wala hajanidai ufunguo wa stoo.
Tukikutana koridoni anautazama mfuko wangu,
kisha ananiuliza habari za watoto.

Saa kumi na moja natoka.
Mlinzi wa geti ananivutia komeo,
shati lake limebanwa kwa pini chini ya bega la kulia.
Miaka tisa Mzee Ngoda ananipa wa kushoto,
nami naupokea kwa wangu wa kulia,
mikono imekaa upogo, tunacheka, basi.
Leo nimempa wa kushoto.
Imeshikana sawasawa.
Wa kulia ulikuwa na ufunguo.