Inchi Kumi na Mbili

Sheria ya mji wetu ni fupi, haina mzaha:
nyasi za uani zisizidi inchi kumi na mbili.
Mimi ndiye niliyekabidhiwa utepe na fomu za njano,
ndiye nigongaye milango mwezi wa Agosti
Nebraska ikiungua, watu wamejifungia na viyoyozi.

Bwana Oltmann alikuwa amepiga simu mara tatu.
Kwa Bi Vondra pamekuwa pori, alisema,
na marehemu Lumir alikata kila Jumamosi,
ungeweza kulaza mtoto pale.

Nilimkuta mjane amepiga magoti juani,
kofia ya mumewe kichwani, gunia chini ya magoti,
aking'oa mbaruti kwa kisu cha jikoni.
Hakusimama. "Haya, pima."

Nikavuta utepe. Na hapo kazi ikanishinda,
maana nyasi hizi hazikusimama kama askari, wala hazikulala.
Kila shungi lilikuwa peke yake,
linapanda, linasita, kisha linamwagika pande zote
kama nywele za mtoto aliyetoka kuoga.
Nikiunyoosha ukoka mmoja, inchi kumi na tisa.
Nikiuachia, kumi na moja.
"Na za chini je?" akauliza, uso mkavu.
"Kuna futi tano za mizizi. Andika na hizo."

Mbegu aliziokota kando ya reli ya zamani,
ukanda mwembamba ambao jembe halikuwahi kuufikia.
Konzi moja, ndani ya glovu ya sufu.
Akazichanganya na mchanga mbichi, akazilaza frijini
majira yote ya baridi, pembeni ya insulini ya Lumir.
Bustani ya mumewe aliifunika kwa maboksi,
yale ya kitanda cha hospitali kilicholetwa sebuleni,
ya mashine ya hewa, ya mito.
Maboksi yalikuwa mengi mwaka ule.

Mwaka wa kwanza ziliota kama nyusi.
Wa pili, vilevile.
Wa tatu Oltmann alimwambia, kwa upole kabisa,
zimekufa hizo.
Wa tano zikatoa maua, na hakuna aliyepita kuyaona
ila mimi sasa, na fomu yangu.

"Mbolea?" niliuliza, ili niseme kitu.
"Zinadeka."
"Maji?"
"Ukizinywesha sana zinaanguka kama walevi.
Zipe jua. Zipe udongo maskini. Kisha ondoka."

Upepo wa kusini ukaja, mashungi yote yakageuka,
na ikanijia harufu ambayo sikuitegemea:
bisi zenye siagi, na nyuma yake giligilani.
Nilikumbuka Ijumaa za mpira shuleni,
baba yangu ameshika mfuko wa karatasi wenye madoa ya mafuta,
ananiangalia mimi, haangalii mpira.
Kutoka ng'ambo ya ua nikasikia sauti ya Oltmann:
"Marlys, unakaanga bisi saa hizi?"

Bi Vondra hakuinua kichwa.
Ila kisu kilitulia kidogo.

Kwenye kisanduku cha urefu niliandika:
inategemea upepo.
Bosi alinirudishia fomu na alama nyekundu ya kuuliza.
Iko bado ndani ya droo, chini ya stapla.

Machi nilirudi bila sare, na mkasi wa kupogolea.
Theluji imebaki kwenye vivuli tu,
mashungi yamekuwa rangi ya shaba iliyochoka,
na shorewanda wameshazimaliza mbegu.
Tulikata hadi kimo cha kiganja, kabla machipukizi hayajaamka.
Mikono yangu ilinuka vumbi na majani makavu siku mbili.

Miche iliyobaki aliitia kwenye trei ya mayai, kumi na moja.
Nikaipeleka nyumbani, nikachimba mbele ya dirisha,
nikautoa ule utepe wa manispaa
na kupima, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe,
nafasi:
futi mbili kutoka shimo hadi shimo,
udongo mtupu, ambao mke wangu aliutazama
akauliza utakaa hivyo mpaka lini.
Nikamwambia miaka mitano.
Akaenda kuweka kahawa jikoni.