Kulani, Mshuko wa Thelathini na Moja

Kitabu cha chombo, ukurasa wa kumi na nne, kinasema:
askari mmoja, na silaha zake, na maji ya siku tatu,
ni sawa na magunia mawili ya unga, na nusu.
Mimi ndiye karani wa shehena.
Hesabu hiyo naijua kuliko siku niliyozaliwa.

Viti hukunjwa ukutani, ndoano hutoka sakafuni.
Dakika arobaini, na kambi imekuwa ghala;
arobaini nyingine, ghala limekuwa kambi.
Waliokiunda walijivunia hilo: tumbo moja, kazi zote.
Wakakiita Kulani, punda-mwitu wa nyika za mababu zao,
mnyama ambaye hakuwahi kubeba mzigo wa mtu.

Juzi tulishusha unga Tasbulak.
Gunia moja lilipasuka tulipokuwa tukipenya hewa nzito.
Nikafagia nilichoweza.
Jana ikaja amri: viti.

Wachimbaji wa Tasbulak wameweka sururu chini.
Basi wakaingia watoto sitini na wanne. Nawaita watoto;
Dauren bado alikuwa na chunusi,
akaniuliza kama kutapika ni aibu.
Nikampa mfuko. Nikamwambia hata rubani hutapika.
Uongo.

Tulishuka kama tunavyoshuka siku zote,
injini nne zikilia kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama,
vumbi la kijivu likipanda hadi viooni.
Sayari ile haina ndege wa kushtuka.

Lakini watu wake wanaijua sauti hiyo,
na kwao ina maana moja tu.
Mlango wa nyuma ulipoanza kuteremka niliwaona:
mikokoteni, magunia matupu yamekunjwa kwapani,
bibi Orazgul mbele, kama kawaida,
na daftari lake la kaya,
penseli imechomekwa kwenye kitambaa cha kichwa.

Askari wakashuka wawili wawili.
Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyefyatua.
Orazgul alitazama kila uso
kana kwamba anatafuta chapa ya kiwanda.
Kisha akatazama chini.

Buti zao zilikuwa zimekanyaga nilichoshindwa kufagia.
Nyayo nyeupe ziliteremka mlangoni, zikafika udongoni,
kila moja imefifia kuliko iliyotangulia.
Akainama, mkono mmoja gotini,
akagusa unyayo wa Dauren kwa kidole,
akakitia mdomoni.

Dauren akasimama.
Safu nzima nyuma yake ikasimama, ikagongana,
na sajini akaanza kufoka kuhusu nafasi kati ya mtu na mtu.

Orazgul akachomoa penseli, akafungua ukurasa mpya.
"Jina lako nani?" akamwuliza. "Na kwenu mko wangapi?"

Redioni rubani alikuwa akitaka kujua
kama tumbo ni tupu, tuondoke.
Sikumjibu. Nilikuwa nasikiliza.

"Wanane," alisema Dauren. "Na mjomba."