Sketi ya Buluu

Pindo nililiacha refu makusudi,
vidole vinne, maana mtoto hukua.
Ayantu, mama yake, alilipa nusu;
nusu ya pili, akasema, Ijumaa.

Alhamisi alfajiri lori likasimama
mtaa wa Kumi, mbele ya duka la maziwa ya ngamia.
Nikasikia lango, kisha buti ngazini,
kisha Lelise akiuliza
kama aje na daftari la hesabu.

Wamerudishwa kwao, asema bawabu.
Mimi fundi, neno nalipima kwa futi:
hurudi aliyetoka.
Lelise katoka Pumwani, wodi ya wazazi,
mwavuli niliushika mimi.
Baba yake kazaliwa kambini
chini ya turubai lenye namba,
na nchi waliyopelekwa
imepekua kitabu chake, ukurasa kwa ukurasa,
haikuona jina.

Basi wako wapi?
Kwenye viti vya chuma vya uwanja fulani,
kati ya mlango uliowatoa na mlango usiowataka?
Sijui. Simu inaita, inaita,
halafu yule mwanamke wa mitambo
ananiambia nijaribu baadaye.

Mwenye nyumba katupa godoro nje.
Nimeokota birika lao la udongo,
kahawa imegandia ndani.

Zimepita Ijumaa tisa.
Jana mteja kaitaka sketi, kataja bei nzuri.
Nikamwambia ina mwenyewe.
Usiku nikafumua pindo,
nikalishusha kidole kimoja,
maana huko aliko, popote pale,
anakua.